Rangi Iliyokuwa Chini ya Kijivu

Katika miaka ya themanini kazi yangu ilikuwa kuandika mabango. Niliandika majina ya maduka, vibao vya hoteli, milango ya malori, na maneno ya kukaribisha wageni kwenye kuta za mikahawa. Sikuwa na duka. Nilifanyia kazi uani kwetu, mji wa kale wa Malindi, upande mmoja mikebe yangu ya rangi na upande wa pili jiko la mama. Baba alikuwa amekwisha kufariki na dada zangu wameolewa mbali, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili, na sauti kubwa humo ilikuwa ya redio.

Jumamosi moja alibisha hodi mwalimu wa kike kutoka shule ambayo nilikuwa nimeiandikia jina ukutani. Alikuwa mtu wa Meru, aliyehamishiwa kwetu mwaka uliotangulia. Tulikuwa tumeonana shuleni, tukasalimiana, basi. Alimwamkia mama kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Alikuwa na kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa. Nilidhani kaleta kazi ya shule. Akafunua kitambaa, akatoa kigari cha plastiki chenye ukubwa wa kiatu cha mtoto, akaniwekea kiganjani. Kilikuwa kijivu kitupu. Bodi ya kijivu, magurudumu ya kijivu, hata vioo vilikuwa vimepakwa. Rangi yenyewe ilikuwa nzito, imefanya matone chini ya milango.

"Fundi, rangi hii inaweza kutoka?"

"Inaweza. Unataka nikupakie gani badala yake?"

"Sitaki upake," alisema. "Nataka itoke tu. Chini yake kuna rangi nyingine."

Mama aliacha kukuna nazi akamtazama. Mwalimu akakaa kwenye kigoda, akatueleza.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, aliyezaliwa na moyo wenye kasoro. Hakuweza kukimbia wala kwenda shule ya mbali, siku nyingi alishinda nyumbani. Padri mmoja mgeni wa misheni ya kwao alikuwa akimletea vigari vya kuunganisha, vile vinavyokuja vipande vipande ndani ya boksi. Mtoto akaviunganisha kwa gundi, akavipaka rangi kwa kibrashi chembamba, kila kimoja na rangi yake, akavipanga dirishani. Alifariki akiwa hajatimiza miaka kumi na sita, wakati dada yake yuko chuo cha ualimu. Aliporudi likizo baada ya maziko, alikuta vigari vyote viko palepale dirishani, vimepangwa vilevile, na vyote vimekuwa kijivu. Baba yao alikuwa amechukua rangi iliyobaki ya tangi la maji, akavipaka vyote mchana mmoja, kisha akavirudisha mahali pake.

"Hukumuuliza sababu?" mama aliuliza.

"Kwetu baba haulizwi, mama."

Alipopata uhamisho wa kuja pwani alimwomba baba yake ampe vigari vile. Baba alijibu neno moja, "Chukua."

Sasa mimi nilikuwa nazijua rangi za mbao, za bati na za ukuta. Plastiki ya namna ile sikuijua. Nilimwambia hivyo, nikamwambia pia kwamba tusikiguse kigari kizima mpaka tujaribu kipande. Kikapuni mlikuwa na gurudumu lililokuwa limebanduka zamani. Nikalitia thina, yale maji makali ya kuzimulia rangi. Haukupita muda, gurudumu likalainika, likawa kama pipi iliyotafunwa, likanata kwenye kijiti changu. Sote watatu tukalitazama. Mwalimu akafunika kikapu chake upesi, kama mtu anayemziba mtoto macho.

"Niachie wiki moja," nilimwambia. "Vigari nenda navyo."

Wiki ile nilijaribu mafuta ya taa kwenye kifuniko cha plastiki nilichokipaka rangi ya mafuta. Hayakufaa kitu. Nilijaribu msasa, nao ulikula plastiki pamoja na rangi. Dawa niliipata bila kuitafuta. Nilikwenda kuandika jina kwenye gereji moja barabara ya Lamu, nikamkuta makanika akilalamika kwamba mafuta ya breki yamemwagikia boneti ya gari la mteja, na rangi imenyanyuka yote. Nikamwomba kidogo ndani ya chupa. Nyumbani nilikilowesha kile kifuniko tangu asubuhi. Alasiri rangi ilikuwa imejikunja, na plastiki yake ilikuwa ngumu, nzima.

Jumamosi iliyofuata mwalimu alikuja mapema. Tulimimina mafuta ya breki katika bakuli la bati, tukakizamisha kigari kile cha kwanza, tukafunika. Mama alimfundisha kukuna nazi huku tukingoja, maana kwao hawakupikia nazi, na kila baada ya kitambo mmoja wetu aliinuka kwenda kuchungulia bakuli. Mafuta yale yanauma ngozi, kwa hiyo tulijifunga mifuko ya nailoni mikononi. Mwalimu alijitazama mikono yake akacheka. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka.

Alasiri rangi ya kijivu ilifanya mikunjo kama utando juu ya maziwa yaliyochemka. Alikishika kigari, akaanza kukisugua taratibu kwa mswaki. Ukingoni mwa boneti pakatokea wekundu.

"Ndicho chenyewe," alisema. Hakusema kwangu wala kwa mama.

Alisugua mlango, nao ukawa mwekundu. Akasugua paa. Kwa kitambo kidogo tulikuwa na kigari chekundu mbele yetu, wekundu wa kuiva uliokaribia kuwa damu ya mzee, na mstari mweupe mwembamba ubavuni uliochorwa na mkono wa mtoto aliyezuia pumzi. Kisha ule wekundu nao ukaanza kulegea. Dawa haikuwa na habari ya rangi ya baba na rangi ya mwana. Nilikipokea nikakitia kwenye maji ya sabuni, lakini nyekundu ikatoka pamoja na maji, mstari mweupe ukaenda, na mikononi mwetu kikabaki kigari cha plastiki kitupu, cheupe kama mfupa.

Mama akampa chai. Alikunywa nusu kikombe ndipo akasema, "Nimekiona, mama. Nimekiona kama kilivyokuwa."

Usiku wa siku hiyo nilikuwa na bango la kumalizia na sikulimaliza. Nilikuwa nafikiri juu ya wekundu ule. Asubuhi nilichanganya nyekundu, kahawia na tone la nyeusi, nikapaka kwenye kipande cha mbao, nikafuta, nikachanganya tena, mpaka nikaona ndio, au karibu yake. Alipokuja Jumamosi nyingine niliipaka upya, nikamwonyesha. Aliigusa mbao ile ikiwa bado mbichi, akajitia rangi kidoleni.

"Hatuwezi kuizuia isitoke," nilimwambia. "Lakini wewe ukisugua, mimi nitakuwa tayari na mikebe yangu. Ikijitokeza naichanganya papo hapo. Baadaye tutavipaka upya kama vilivyokuwa."

Hivyo ndivyo Jumamosi zetu zilivyoanza. Yeye alisugua, mimi nilikaa mkabala naye na brashi mkononi na mbao magotini. Rangi ya chini ilipochomoza alisema, "Sasa," nami nikachanganya haraka kabla haijatoweka. Kilikuwepo cha rangi ya malai, nyeupe ya kuelekea manjano, kingine cha bluu ya nguo za shule, kingine cha manjano chenye boneti nyeusi. Hicho cha bluu tuliwahi kukitoa mapema, na bluu ya mtoto ikabaki upande mmoja, nusu mlango. Tukakubaliana nusu ile isiguswe tena.

Alipokuwa akisugua alinisimulia habari za kila kimoja. Mdogo wake alivipa safari. Chekundu kilikuwa cha kwenda Nairobi, lakini kila siku kiliharibika njiani. Cha manjano kilikuwa teksi, na dereva wake alikuwa mtu wa maneno mengi. Mwalimu alikuwa akiigiza sauti ya dereva huyo kwa Kimeru, kisha ananitafsiria, na tafsiri ilimchekesha kuliko sauti. Nami nikamsimulia juu ya baba yangu, ambaye kwa miaka mingi nilikuwa sijamtaja kwa mtu. Macho yangu yalikuwa kwenye rangi, au nilijidai hivyo. Nilikuwa nimejua jinsi anavyofungua mkono wa kushoto pasipo kuinua kichwa, akitaka apewe kitambaa. Nilikuwa nimejua kwamba akinyamaza kwa muda mrefu anafikiria asubuhi za kwao, baridi na moshi wa kuni mbichi, kwa sababu mara moja alinyamaza hivyo nikamwuliza, akaniambia.

Siku moja, mwalimu alipokwisha kwenda, mama aliniuliza, "Bango la yule mwenye mkahawa utalimaliza lini?" Nikamjibu kesho. Akatingisha kichwa, akarudi jikoni.

Kigari cha rangi ya malai ndicho kilichotupa jambo tusilolitarajia. Kilipokwisha kuoshwa, mwalimu alikigeuza kukikausha ndani, akatulia. Ndani ya paa palikuwa na alama ya kidole gumba. Mtoto alikuwa amelishika paa lile na gundi mbichi kidoleni, gundi ikalainisha plastiki, na mistari ya ngozi yake ikabaki imeganda humo, kila mstari mahali pake. Dawa ilikuwa imechukua kila kitu isipokuwa hiyo. Alikileta karibu na mwanga wa mlango akakiangalia mpaka jua likahama. Siku ile hatukufanya kingine.

Likizo ya Desemba baba yake akaja. Hakuwa amewahi kuiona bahari. Mwalimu alimpeleka akaitazama, akasema ni maji mengi, kisha akamleta kwetu. Alikuwa mtu mrefu, mwenye koti zito katika joto lile, na hakukubali kulivua. Nilimwamkia shikamoo. Alinijibu marahaba baada ya kitambo, kama mtu anayepokea kitu alichosahau kwamba ni chake.

Vigari vilikuwa vimepangwa juu ya meza yangu, vyote vimekwisha kubanduliwa rangi, vyeupe, isipokuwa ile nusu ya mlango wa bluu. Mwalimu hakuwa amemwandikia baba yake habari hizo. Niliona mikono yake ikijificha nyuma ya leso. Mzee alisimama mbele ya meza, asiketi.

"Mlitumia nini?" aliuliza.

"Mafuta ya breki, mzee," nilisema.

"Na plastiki haikuyeyuka."

"Haikuyeyuka."

Alikaa. Mama alimletea maji, akayanywa yote. Kisha akaanza kusema kwa Kiswahili, taratibu, nadhani ili mama naye asikie, maana yeye na binti yake wangeweza kusemezana Kimeru.

"Watoto wa jirani walikuwa wanakuja," alisema. "Kila siku. Wanasimama dirishani nje. Huyu anataka chekundu, huyu anataka teksi. Wanavijua vyote, wanavitaja. Mama yake akisikia vikitajwa hivyo, analala chini. Sikuweza kuwafukuza, ni watoto. Sikuweza kuvitupa. Nikavipaka ili visipendeze."

"Na hawakuja tena?" mama aliuliza.

"Hawakuja tena. Na nyumba ikanyamaza. Hilo pia sikulitaka."

Mwalimu alikichukua kile kilichokuwa cha rangi ya malai, akakigeuza, akampa baba yake. Mzee alivaa miwani. Aliutazama ukingo wa paa, akatazama ndani. Hakulia. Aliweka gumba lake mwenyewe pembeni ya alama ile, si juu yake, kama mtu anayekaa karibu na aliyelala bila kutaka kumwamsha. Tulimwacha hapo. Mama alimwita mwalimu jikoni, nami nikaenda kuzikoroga rangi ambazo hazikuhitaji kukorogwa.

Kwa siku kadhaa tulipaka, sisi watatu. Nilikuwa na ile mbao yangu yenye madoa ya rangi zote, nikachanganya kwa kuifuata. Mzee alisema, "Nipe hicho chekundu," akakipaka mwenyewe. Mkono wake ulikuwa mzito, rangi ikavuka hadi kwenye vioo. Mwalimu hakumrekebisha, nami nilipotaka kuchukua kitambaa alinigusa kiwiko, nikakiacha.

Jioni moja kabla jua halijazama nilimsindikiza mwalimu kuelekea chumba alichopanga karibu na shule. Mzee alikuwa ametangulia. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu asubuhi na yote yalinipotea, nikasema tu, "Mwalimu, nataka kuwatuma wazee wangu kwa mzee wako."

Alitembea hatua kadhaa. Nilidhani atanitajia dini, yeye Mkristo nami Mwislamu. Kwa hilo nilikuwa nimejitayarisha, nilikuwa na majibu yangu.

"Usiwatume," alisema. "Atakubali."

"Akikubali si ndilo ninalolitaka?"

"Atakubali, halafu atarudi peke yake kwa mama. Mama haamki siku hizi. Baba ndiye anayepika, na hakuja hapa kuitazama bahari. Alikuja kunitazama kama naweza kurudi, na kuniuliza hawezi. Nimekwisha kuomba uhamisho. Januari nitakuwa shule ya kwetu."

"Basi nitakuja mimi," nilimwambia. "Na Meru kuna maduka. Nitaandika mabango huko."

Alisimama, akanitazama kwa namna ambayo sijatazamwa tena na mtu.

"Na mama yako?" aliuliza.

Nilimwona mama peke yake na ile redio. Mwalimu alingoja nijibu, hakunikatiza, na ninaamini kwamba laiti ningekuwa na jibu angelipokea. Sikuwa nalo, wala leo silioni. Tukaendelea na njia. Mlangoni kwake alisema, "Nilipenda Jumamosi kuliko siku zote. Ujue hizo ni zako."

Niliwasindikiza kwa basi mpaka Kilifi. Wakati ule daraja lilikuwa halijajengwa, na mtu wa kwenda Mombasa alikuwa lazima avuke kwa feri. Mama alikuwa amewafungia vigari katika boksi, akavizungushia leso yake mpya ili visigongane, na mzee alilipakata boksi safari nzima, hakukubali liwekwe juu ya basi. Pale kivukoni abiria walishuka. Mzee alinunua korosho, akanipa pakiti moja.

"Kula, kijana," alisema. Kisha akaongeza, "Kama kuna kitu unataka kuniambia, sema."

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake. Hakutingisha kichwa, hakunikonyeza. Aliniachia.

"Nakuombea safari njema, mzee," nilisema. "Na mama apate nguvu."

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaenda. Mwalimu naye akanipa mkono. Ukucha wake mmoja ulikuwa bado na manjano ya teksi.

"Kaa vizuri, fundi."

"Nenda salama, mwalimu."

Feri iliondoka na basi na watu. Maji ya pale si mapana, kwa hiyo niliendelea kuwaona wakiwa ng'ambo, wakipanda, koti la mzee na kitambaa cha kichwa cha mwalimu, mpaka basi likapanda kilima. Mama mmoja muuza korosho alinisogelea na ungo wake.

"Mwanangu, feri inarudi. Huvuki?"

"Sivuki," nilimwambia.

Salamu zilinifika mara moja tu. Mwalimu mwingine aliyetoka huko aliniambia kwamba mama yao sasa anatoka nje, anaota jua, na kwamba vigari viko dirishani na watoto wa jirani wanasimama kuvitaja majina. Mzee huvipangusa vumbi mwenyewe. Kuhusu mwalimu alisema ni mzima, anafundisha. Miaka ikapita, nikaoa mke mwema, nikapata binti, na nikasikia kwamba naye ameolewa kwao. Nilifurahi kwa dhati, na siku ile sikuweza kula.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Mwaka ule, baada ya Kilifi, kila Jumamosi ilinikuta nimeamka kabla ya mama, nimefagia ua, nimepanga mikebe, na sina ninayemngoja. Mama alipotoka na kunikuta nimesimama na fagio, alikuwa anasema tu, "Ua umekuwa safi leo," akaenda kuwasha moto.